Gobore, raifo na shotigani: kuitaja bunduki kwa alama zake

Neno bunduki lina asili ya Kiarabu, ambako lilitaja kwanza aina ya kokwa, kisha kidonge cha kurushwa, na hatimaye silaha yenyewe. Katika Kiswahili ni jina la jumla. Linatosha katika hadithi, lakini halitoshi katika hati. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo mfasiri wa Mwanza anayeeleza kielelezo cha shauri la ujangili hana budi kuchagua jina mahususi, na kila jina lina madai ndani yake.

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Vijijini kando ya Ziwa Victoria, kama kwingineko Tanzania bara, neno hilo hutumika pia kwa silaha iliyoundwa na fundi wa kienyeji. Maana hizo mbili hazilingani, kwa kuwa yapo magobore yaliyotoka viwandani. Inapokusudiwa maana ya pili, iandikwe gobore la kienyeji.

Silaha ya kiwandani kwa kawaida huchapwa kwenye chuma jina la mtengenezaji, ukubwa wa risasi na namba ya pekee. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitia saini, inataka silaha itiwe alama inapotengenezwa. Hata hivyo, kukosekana kwa namba hakuthibitishi kwamba silaha ni ya kienyeji. “Haina namba” na “namba imekwanguliwa” ni kauli mbili tofauti: ya kwanza inaeleza hali ya chuma, ya pili inadai kuwa mtu ametenda jambo.

Raifo na shotigani hutofautishwa ndani ya mtutu, ambao huitwa pia kasiba. Mtutu wa raifo una mifuo iliyochongwa kwa mzunguko, nayo huizungusha risasi ili iende bila kuyumba. Mtutu wa shotigani kwa kawaida ni laini, na hurusha marisau, yaani vipande vidogo vingi vya risasi. Ukubwa wa raifo hutajwa kwa kaliba, na wa shotigani kwa geji. Geji 12 ni mtutu ambao tufe la risasi linaloujaza lina uzito wa ratili moja kugawanywa kwa 12. Kwa hiyo namba ikikua, mtutu hupungua. Anayeandika “milimita 12” amekosea, kwani upana wake ni takriban milimita 18.5.

Kifyatulio ni kile kinachovutwa kwa kidole. Neno linatokana na fyatua, kinyume cha fyata, kama fungua ilivyo kinyume cha funga: kilichobanwa kinaachiliwa ghafla. Ndiyo maana mtego hufyatuka, na matofali hufyatuliwa kutoka kwenye kalibu. Baadhi ya watumiaji hukiita mtambo, lakini ni heri mtambo libaki jina la mfumo mzima wa kufyatulia.

Tofauti hiyo ina kazi. Shotigani ya mitutu miwili yaweza kutoka kiwandani ikiwa na vifyatulio viwili, kila kimoja na mtutu wake, au kimoja kinachofyatua mitutu yote kwa zamu. Raifo nayo yaweza kuwa na kifyatulio cha hatua moja, au cha hatua mbili, ambapo kidole hukutana na mvuto mwepesi kabla ya ule unaofyatua. Shahidi akisema kidole kiliteleza, maelezo haya ndiyo yatakayopimwa.

Linganisha:

“Alikamatwa na bunduki yenye mtambo mmoja.”

“Alikamatwa na shotigani ya geji 12, yenye mitutu miwili na kifyatulio kimoja, namba haionekani.”

Sentensi ya pili inaweza kukaguliwa neno kwa neno mbele ya kielelezo. Ya kwanza haiwezi.