MABUA KUWA MAFUTA: KAZI YA MAWIMBI NA MIONZI

Nchini Marekani zaidi ya theluthi moja ya mahindi yanayovunwa hupelekwa viwandani kutengenezwa ethanoli, yaani spiriti inayochanganywa na petroli. Lakini mahindi ni chakula. Je, hatuwezi kula punje sisi, tukayaachia magari mabua?

Inawezekana, ila mabua ni magumu. Ndani yake mna selulosi, ambayo ni sukari zilizoungana kama mnyororo. Selulosi hiyo imezungukwa na hemiselulosi na lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake. Vimeng'enya vinavyokata mnyororo huo havipati pa kupenya. Ni mfano wa nazi: hatupati tui mpaka tuivunje na kuikuna.

Viwandani kazi hiyo hufanywa zaidi kwa mvuke wa moto mkali au kwa asidi. Mvuke hutumia nishati nyingi, na asidi hula vyombo na kuacha uchafu. Ndiyo maana wataalamu wanajaribu njia nyingine.

Kwanza, mawimbi ya maikrowevu, kama yale ya oveni za majumbani. Hutikisa molekuli za maji zilizomo ndani ya mabua, yakapata joto kwa haraka.

Pili, mawimbi ya sauti yanayotikisika zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la mtu haliyasikii. Ndani ya maji huzua vipovu vidogo ambavyo, vinapobonyea ghafla, huchanachana nyuzi za mmea.

Tatu, mionzi ya elektroni, ambayo huikata minyororo ya selulosi bila ya joto kali.

Baada ya hapo vimeng'enya huigeuza selulosi kuwa sukari, na hamira huigeuza sukari kuwa ethanoli.

Mbona basi njia hizi hazijaenea? Kwa sababu zote hutumia umeme, na mitambo yake ni ghali. Tukitumia nishati nyingi kuliko tutakayoipata katika mafuta, tumepata hasara. Isitoshe, tunachokiita taka mara nyingi si taka: viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme, na mkulima humlisha ng'ombe mabua.

Kwa hiyo, tukisikia habari za mafuta mapya, tuulize maswali mawili. Nishati iliyoingia ni kiasi gani, na iliyotoka ni kiasi gani? Na kilichotumika kilikuwa chakula cha nani?