Je, Wajua? Mafuta yaliyoganda jikoni si mafuta tena

Ule utando wa kahawia kwenye vigae na mapanga ya feni, katika jiko lililokaa miaka bila kusafishwa, si mafuta yaleyale yaliyoruka kutoka kwenye kikaango. Joto na oksijeni ya hewani huzishikanisha molekuli za mafuta zikawa mtandao mmoja mgumu, unaonata kama ulimbo na kunasa vumbi na masizi. Mafuta ya alizeti na ya soya huganda hivyo upesi. Ya nazi huchelewa sana. Kwa sababu ya mtandao huo mgumu, sabuni ya vyombo, inayotoa mafuta mabichi mara moja, hapa huteleza juu tu.

Dawa yake ni magadi, yaleyale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya. Yayeyushe kwenye maji ya moto, vaa glavu, lowesha kitambaa ukibandike ukutani, kisha uache kikae nusu saa. Alkali huvunja utando huo na kugeuza sehemu yake kuwa sabuni. Ukipitisha kidole utahisi utelezi. Hapo kwangua kwa mwiko wa mbao, usitumie kisu. Siki haifai kazi hii, hata wakisifu vipi.

Lakini sufuria za alumini usizitie: magadi huzila na kuzifanya nyeusi. Soda kali ya kutengenezea sabuni ni hatari zaidi, huunguza ngozi na macho. Na anza na sehemu iliyo juu ya jiko la kupikia, maana utando huo hushika moto.