"Nzi" Asiye Nzi

Mtafsiri akutanapo na habari za uvuvi wa samaki aitwaye besi huko Marekani, mwezi wa Septemba, majani yakaribiapo kupukutika, hushawishika kuandika "nzi". Msomaji atadhani mdudu hutungwa kwenye ndoana. Sivyo. Kitu hicho ni ndoana iliyofungwa manyoya ya ndege au singa za mnyama, pengine na kipande cha kizibo, kielee mfano wa chura au panzi; besi hukirukia akidhani ni windo. Tena hakirushwi kwa uzito wa chubwi, bali wa mshipi wenyewe.

Samaki huyu alipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, katika miaka ya 1920. Hivyo istilahi yahitajika hata kwetu. Twapendekeza "chambo cha manyoya", na kile cha juu ya maji kiitwe "chambo kieleacho". Nzi abaki mdudu.