Kwa nini ujuzi wa kulinda mitandao ndio huo wa kuivamia

PANGA linalokata miwa katika mashamba ya Ramisi, Kaunti ya Kwale, ndilo hilo hilo ambalo mtu mwenye nia mbaya anaweza kulitumia kumjeruhi mwenzake. Sheria haimkatazi mkulima kuwa na panga, bali humuuliza mtu amelifanyia nini.

Katika masuala ya kompyuta, swali hilo ni gumu zaidi. Ujuzi wa kugundua kasoro katika mitambo ya benki, ya hospitali au ya jeshi ni mmoja, na aghalabu programu anayotumia mlinzi ndiyo anayotumia mwizi.

Vifaa na maarifa ya aina hiyo huitwa ya matumizi mawili, kwa maana kwamba yanafaa katika shughuli za kiraia na pia katika za kivita. Hapo ndipo utata wa utafiti wa usalama wa mitandao unapoanzia.

Suala hili haliwahusu wakazi wa miji mikubwa pekee. Ramisi, iliyo kando ya barabara kuu ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, ilivuma kwa kiwanda cha sukari kilichoanza miaka ya 1920 na kufungwa mwaka 1988. Leo wakazi wake, kama Wakenya wenzao, hutuma na kupokea fedha kwa M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007. Wanapohitaji pasipoti au leseni ya udereva, huelekezwa kwenye mtandao wa serikali wa eCitizen.

Kwa hivyo mitambo hiyo inapoyumba, mtu wa kijijini huumia sawa na wa mjini.

Siku eCitizen ilipolemewa

Hali hiyo ilishuhudiwa Julai 27, 2023. Mtandao wa eCitizen, uliokuwa na huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ulishambuliwa na kuwa vigumu kufikiwa. Ununuzi wa tokeni za umeme na ukataji wa tiketi za reli ulitatizika, na baadhi ya huduma za fedha kwa simu pia zikakwama.

Wageni waliotegemea kupata viza kupitia mtandao huo ilibidi wapewe viza walipowasili nchini. Kwa eneo kama Diani, ambalo riziki ya wengi inatokana na watalii, hilo halikuwa jambo dogo.

Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo, alithibitisha kutokea kwa shambulizi hilo lakini akasema hakuna data iliyopotea.

Shambulizi la namna hiyo halivunji kufuli. Ni mfano wa umati unaojazana mlangoni pa duka bila nia ya kununua chochote, hata wateja halisi wakakosa pa kupita. Kompyuta nyingi huagizwa kupeleka maombi kwa wakati mmoja hadi mtambo unaolengwa unalemewa.

Ajabu ni kwamba wahandisi waadilifu nao hufanya jambo linalofanana na hilo. Kabla ya kufungua huduma mpya kwa umma, huituma kompyuta iumiminie mtambo wao maombi mengi ili wajue utahimili watumiaji wangapi. Tofauti iliyopo ni kwamba wao wana idhini ya mwenye mtambo.

Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi hilo. Walidai kwamba mtambo wao wa mashambulizi ulilenga hospitali, kampuni na idara za serikali, ikiwemo Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ofisi ya kijeshi na hospitali ya kiraia zilikuwa shabaha za silaha moja.

Siri ya majasusi yageuka janga

Mfano ulio wazi zaidi wa hatari ya matumizi mawili ni ule wa mwaka 2017. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa limegundua kasoro katika programu ya Windows. Badala ya kuifichua upesi ili irekebishwe, lilitengeneza njia ya kuitumia kwa ujasusi, ambayo ilipewa jina EternalBlue.

Kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho Machi 2017. Mwezi uliofuata, kundi lililojiita Shadow Brokers liliianika siri hiyo hadharani. Mei 12, virusi vya WannaCry vilivyotumia njia hiyo hiyo vilianza kuenea, vikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathiriwa, na huko Uingereza hospitali kadhaa zililazimika kuahirisha matibabu.

Aliyepunguza makali ya virusi hivyo ni kijana Mwingereza, Marcus Hutchins, aliyekuwa akivichunguza. Aligundua kwamba vilikuwa vikiulizia anwani moja ya intaneti ambayo haikuwa imesajiliwa na mtu yeyote. Alipoisajili, virusi vikaacha kusambaa.

Miezi michache baadaye, Hutchins alikamatwa Marekani kwa kosa la awali la kushiriki kutengeneza programu ya kuiba taarifa za benki. Alikiri, na mwaka 2019 hakimu akaamua kwamba muda aliokwisha kukaa kizuizini ulitosha. Mtu mmoja, kwa ujuzi mmoja, alikuwa amekaa pande zote mbili.

Sheria inasemaje?

Mataifa yamejaribu kuweka mipaka. Mkataba wa Wassenaar, ulioanza mwaka 1996 kusimamia biashara ya silaha na bidhaa za matumizi mawili, uliongeza programu za kuvamia kompyuta katika orodha yake mwaka 2013. Watafiti walilalamika kwamba hata kumtumia mwenzao wa nchi nyingine maelezo ya kasoro kungehitaji leseni. Mwaka 2017 maneno yalirekebishwa ili utoaji wa taarifa za kasoro usizuiwe. Barani Afrika, Afrika Kusini pekee ndiyo mwanachama wa mkataba huo.

Nchini Kenya, msingi ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini kunaweza kumletea mkosaji faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili.

Kifungu cha 18 kinaharamisha utengenezaji na uuzaji wa programu za kutendea uhalifu huo. Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinaondoa hatia pale kazi inapokuwa ya mafunzo, majaribio au ulinzi wa mitambo, mradi iwe imeidhinishwa.

Sheria hiyo pia iliunda kamati ya kitaifa ya kuratibu vita dhidi ya uhalifu wa mitandao. Ndani yake wamo wawakilishi wa jeshi, polisi, ujasusi, Benki Kuu na Mamlaka ya Mawasiliano, ishara kwamba ulinzi wa raia na ulinzi wa taifa hautenganishwi tena.

Mpaka kati ya halali na haramu ulipimwa mahakamani mwaka 2025. Mtaalamu wa programu Rose Njeri alikamatwa mwishoni mwa Mei kwa kutengeneza tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma barua-pepe Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Alishtakiwa kwa kuingilia mtambo wa kompyuta bila idhini. Juni 20, mahakama ilitupilia mbali kesi hiyo, ikisema mashtaka hayakuonyesha kosa lolote.

Upande wa mashtaka uliona wingi wa ujumbe kuwa uvamizi. Wananchi waliotumia tovuti hiyo waliuona kuwa njia ya kutoa maoni, haki ambayo Katiba inawapa.

Pengo lililobaki

Kinga ya kifungu cha 18 inamhusu aliyepewa idhini. Haimtaji kijana wa Ramisi au Msambweni ambaye, akitumia tovuti ya kawaida, anakuta kwa bahati kwamba taarifa za watu wengine zinasomeka.

Kijana huyo akinyamaza, kasoro itabaki mpaka mwenye nia mbaya aione. Akiichunguza zaidi ili apate uhakika, huenda akaonekana kuwa ndiye mvamizi. Njia iliyo salama zaidi kwake ni kutoendelea kuingia, kutonakili taarifa za mtu, na kuripoti kwa mwenye tovuti au kwa KE-CIRT, kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Nchi kama Uholanzi zimechapisha miongozo inayoeleza jinsi mtu atakavyoripoti kasoro kwa nia njema, na mwenye mtambo atakavyomjibu. Miongozo kama hiyo ikiwa wazi, anayeona ufa hupata pa kuusemea.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauwezi kuzibwa ikiwa aliyeuona anaogopa kuuonyesha.