Kamio na Magurudumu Yake: Pete ya Chuma au Janti Mpya?

Kamio moja hapa Bukavu mara nyingi si mali ya mtu mmoja. Ndugu wamechanga, mjomba ameuza ng'ombe, mama ametoa faida ya ndagala zake, na wote waingojea ile kamio irudi salama kutoka Uvira. Kwa hiyo swali tunalolileta leo, ijapokuwa ni la mafundi, lawahusu watu wengi ambao hawajashika spana hata siku moja.

Nyuma ya kamio, kila upande una magurudumu mawili yaliyofungwa pamoja kama pacha. Mwenye kamio akitaka kubeba mzigo mkubwa zaidi, hununua mipira mipana kuliko ile iliyowekwa kiwandani. Hapo ndipo shida huanza. Mpira ulioelemewa hutanuka chini, mahali unapokanyaga ardhi. Basi pacha hao hugusana, husuguana, hupata moto, na mwisho hupasuka. Tena jiwe likikwama katikati yao (na mawe ya njia ya Ngomo hayana haya), hukata ubavu wa mpira upesi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni pete nene ya chuma inayotiwa kati ya janti ya ndani na janti ya nje, ili kuzitenga. Fundi mwenye mashine ya kukereza chuma aweza kuichonga, na bei yake ni ndogo. Ya pili ni kununua janti mpya zenye umbo la kina zaidi, ambazo zikifungwa hutenga mipira zenyewe, pasipo kitu katikati.

Wengi hudhani kwamba skrubu ndizo zinazobeba uzito. Sivyo. Kazi yao ni kuvuta: zazibana janti juu ya kitovu cha gurudumu kwa nguvu nyingi hata chuma hakiwezi kuteleza juu ya chuma. Mbano ukilegea, janti huanza kucheza, na skrubu hukatika moja baada ya moja. Kwa skrubu za milimeta 22, zilizo za kawaida kwa kamio kubwa, nguvu ya kukaza inayotakiwa ni kama ile ya mtu wa kilo 60 anayening'inia mwisho wa bomba la meta moja.

Sasa tazameni kazi ya pete. Kwanza, yaongeza nyuso mbili nyingine za kubanwa; kukiwa na kutu au rangi nene juu yake, rangi ile husagika njiani na mbano hupungua. Pili, yala urefu wa skrubu. Nati yapasa kushika nyuzi kwa kina kisichopungua unene wa skrubu yenyewe. Mtu akitia pete ya milimeta 25 bila kubadili skrubu, nati itashika nyuzi chache tu, naye atadhani amekaza. Tatu, kitovu kina ukingo unaolishika tundu la katikati la janti. Janti ya nje ikisukumwa mbali, huenda ukingo usiifikie tena. Huko Ujerumani, motokari yenye pete za namna hii hairuhusiwi barabarani bila kibali.

Hata hivyo tusizisifu janti mpya kupita kiasi. Nazo hulisogeza gurudumu la nje mbali na kitovu, na beringi huelemewa vilevile. Faida yao ni kwamba viungo ni vichache. Lakini ni lazima zipimwe kabla ya kutoa fedha: kamio nyingi za Ulaya zina matundu kumi katika duara ya milimeta 335, na zile za Marekani zina kumi katika duara ya 285.75. Kwa macho zafanana, hazifungiki. Janti iliyokwisha kutumika ichunguzwe kando ya kila tundu, maana nyufa huanzia hapo. Nati nazo zifuate janti. Zile za uso bapa zisichanganywe na za mviringo.

Sisi twaona kwamba pete inayochongwa gerejini kwa makisio haistahili kuwekwa kwenye kamio ya mizigo. Asiyeweza kununua janti, na arudie mipira ya kipimo cha kiwanda, apunguze magunia. Bukavu iko meta 1,500 hivi juu ya bahari, na Uvira haifiki 800. Mteremko huo hausamehi gurudumu lililolegea, na juu ya magunia huketi abiria. Tarehe 2 Julai 2010, kamio ya petroli ilipinduka kule Sange, ikawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Hatusemi kwamba magurudumu ndiyo yaliyokuwa sababu. Twasema tu kwamba kamio ikianguka, haianguki na mwenyewe peke yake.

Na yeyote aliyefungua gurudumu, kwa pete au kwa janti mpya, akaze tena nati baada ya kilometa 50 hadi 100. Aendaye Uvira na asimame Kamanyola, dereva ashuke na spana yake. Mstari wa kutu unaochuruzika kutoka kwenye nati ni dalili kwamba imekwisha kulegea, asiingoje jioni.