Video shirikishi: Ridhaa ya mhusika huombwa mara mbili

KATIKA miaka ya 1990, wavuvi wa Mtwara, chini ya mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland, walitumia video kuwaeleza viongozi jinsi uvuvi wa baruti unavyoharibu matumbawe na mazalia ya samaki.

Mbinu hiyo, ambayo chimbuko lake ni filamu za kisiwa cha Fogo, Canada, mwaka 1967, hutumiwa pia katika saikolojia ya jamii. Anayehojiwa hugeuka mtafiti wa maisha yake mwenyewe.

Hata hivyo, kwa mtumiaji wa heroini wa Kinondoni au Temeke, sura ikitambuliwa anaweza kukamatwa au kutengwa na ndugu. Kwa hiyo, ridhaa yapasa kuombwa kabla ya kurekodi, na tena baada ya mhusika kujitazama, kabla wengine hawajaonyeshwa.