Hilux Ikipandishwa, ni Nini Hasa Kinachopanda?

Mwenye Hilux ambayo haijaguswa huegesha, hufunga mlango na kwenda zake. Aliyeipandisha yake hupiga hatua chache, kisha hugeuka kuitazama. Sina neno naye. Pikapu iliyokaa juu, yenye matairi mapana ya meno ya kung'ata tope, ina haiba yake, na mtu aliyelivujia gari jasho ana haki ya kulipenda. Mimi huanza kumtilia shaka pale anaponiambia kwamba ameipandisha kwa ajili ya barabara ya kijijini kwao.

Hapo ndipo inafaa kuinama na kuchungulia uvunguni.

Chini ya Hilux, kitu kinachotangulia kugonga jiwe ni difu ya nyuma, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Ekseli hiyo imebebwa na magurudumu moja kwa moja. Springi na shokapu ziko kati yake na chesisi. Ukifunga springi ndefu, kinachopanda ni chesisi, bodi, viti na wewe uliyeketi ndani. Difu inabaki palepale ilipokuwa jana. Cha kuinyanyua ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya kimo ulichoongeza, kwa kuwa nusu ya pili huenda juu ya ekseli.

Hesabu yenyewe imeandikwa ubavuni mwa tairi. Hilux nyingi za dabo kebini hutoka kiwandani na tairi la 265/65R17, ambalo kimo chake ni kama milimita 776. Wanaopandisha hupenda 285/70R17, lenye milimita 831 hivi. Tofauti ni 55. Gawa kwa mbili. Baada ya kulipia springi, shokapu, matairi manne na ufundi, nafasi kati ya difu na jiwe imeongezeka kwa milimita 27 na ushei. Haifiki sentimita 3.

Sentimita 3 si za kubeza. Kwenye njia iliyochimbwa na malori wakati wa masika, hizo hizo ndizo hutenganisha gari linalopita na gari linalokalia tumbo. Springi ndefu nazo zina kazi yake: bampa na tumbo hupata nafasi, ukapanda ukingo wa korongo bila kukwangua. Ila wengi huitazama kazi hii kinyumenyume. Gari hupandishwa ili tairi kubwa lipate pa kuzungukia. Ukikata usukani hadi mwisho huku gurudumu la mbele limekanyaga tuta, tairi la 285 hugusa madigadi na plastiki iliyo nyuma yake. Utasikia mkwaruzo kabla hujaona kitu.

Sasa tuingie gereji. Tangu Hilux ya mwaka 2005, springi ya mbele huizunguka shokapu, na vyote viwili hukalia mkono wa chini, takriban katikati ya bodi na gurudumu. Kwa sababu hiyo kipande cha sentimita 2.5 kikiwekwa juu ya shokapu, pua ya gari hupanda kwa karibu sentimita 5. Ndiyo njia ya bei rahisi, na fundi mzoefu humaliza pande zote mbili kabla ya chakula cha mchana. Zilizotangulia, ambazo mbele zina fito za kujisokota badala ya springi za mzunguko, hazihitaji hata kipande: unakaza boliti mbili, gari linapanda, na ugumu wake utausikia mgongoni kwenye rasta ya kwanza.

Gharama ya urahisi huo huja polepole. Shokapu yote imesukumwa chini, hivyo gurudumu likining'inia shimoni hushuka kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Shafti za mbele hukaa zimepinda kila saa, hata barabarani. Mipira inayofunika sivijointi husuguana hadi ikachanika, grisi ikatoka, mchanga ukaingia, na miezi kadhaa baadaye unaanza kusikia ka-ka-ka kila ukikata kona. Magurudumu nayo hayasimami tena wima. Asiyepeleka gari kwenye alaimenti siku hiyohiyo atashangaa matairi yake ya bei mbaya yakilika upande mmoja. Ndiyo maana mafundi makini hukataa kuvuka sentimita 5 mbele bila kubadilisha mikono ya juu, na wengine hushusha difu ya mbele kidogo ili shafti zinyooke.

Nyuma kuna springi za mabamba. Unaweza kuongeza bamba, gari likawa gumu likiwa tupu lakini likabeba vizuri. Unaweza pia kuchomeka bloku la chuma kati ya springi na ekseli na kulifunga kwa yuboliti ndefu. Bloku ni rahisi, na kwa sentimita chache halina shida. Likiwa refu, ekseli hupata nguvu ya kuzisokota springi kila unapokanyaga breki au mafuta kwa ghafla. Bloku la mbao, ambalo bado hukutana nalo huku na huko, mimi siliiti kazi ya ufundi.

Kipo kifaa kimoja ambacho hata mafundi wazuri hukisahau, nacho ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote. Hilux nyingi, hasa za zamani, zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Gari likibeba mzigo, nyuma hushuka, fimbo huisukuma valvu, breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, nyuma hupanda, nguvu hupunguzwa ili magurudumu yasikwame na gari kuserereka. Sasa pandisha nyuma kwa sentimita 5 bila kurekebisha fimbo hiyo. Valvu itaamini kwamba gari ni tupu siku zote. Unashuka mteremko wa Kitonga na tani moja ya mahindi, na breki za nyuma zinafanya kazi kana kwamba hukubeba kitu. Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma cha kuirudisha fimbo kwenye pembe yake. Kipande hicho huja ndani ya vifurushi vingi vizuri vya kupandishia gari, na hukosekana karibu kila mahali pengine.

Land Cruiser ya mfululizo wa 79, ambayo mbele ina ekseli nzima na springi za mzunguko, ina tabia zake. Ukiipandisha, ekseli ya mbele huinama kidogo, usukani ukapoteza hamu ya kujirudisha katikati, na gari likatangatanga kwenye lami. Vilevile ile fimbo inayoizuia ekseli isiende kando huivuta upande mmoja. Bushi maalumu na fimbo ya kurekebishika huyamaliza yote mawili.

Kupinduka kunahitaji hesabu. Chukua pikapu ambayo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana kwa mita 1.5, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 70 kutoka ardhini. Gawa upana kwa kimo mara mbili: unapata 1.07. Ipandishe kwa sentimita 7 na nusu, yaani 5 za springi na kama 2 na nusu za tairi: unabaki na 0.97. Kadiri namba hiyo inavyopungua ndivyo gari linavyoelekea kuanguka ubavu badala ya kuserereka. Kwenye mteremko wa kando, gari la kwanza lingeanza kudondoka likiinama nyuzi 47, la pili nyuzi 44. Weka tanki la maji na hema juu ya keria, zipunguze tena. Wanaoshindana katika Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa Aberdare na ambako anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi ndiye hushinda, wanalijua hili. Magari yao hufungwa vyuma vya kuwalinda vichwa, maana huko kupinduka ni jambo linalotarajiwa.

Watu wa Iceland wamelitatua kwa njia nyingine. Kampuni ya Arctic Trucks, iliyoanza mwaka 1990, huweka Hilux matairi ya inchi 38 bila kuipandisha kwa kimo cha ajabu. Badala yake hukata na kupanua madigadi, tairi likapata nafasi pembeni. Kisha hushusha upepo mpaka tairi linatandazika juu ya theluji. Mwaka 2007 Hilux zao zilifika mahali ambapo ncha ya sumaku ya kaskazini ilipimwa mwaka 1996, mbele ya kamera za Top Gear ya BBC. Theluji si udongo mweusi wa Ndutu, lakini somo la upepo ni lilelile: kushusha kutoka psi 35 hadi 20 kwenye tope au mchanga kunaokoa magari mengi kuliko springi yoyote, na hakugharimu ila geji na kompresa ndogo ya kujazia tena ukirudi barabarani.

Mengine ni ya kila siku. Tairi refu kwa asilimia 7 huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilometa, kwa hiyo gia zote huwa kama zimepanda: mlima uliokuwa wa gia ya nne unakuwa wa tatu. Spidomita ikisoma 50, gari linaweza kuwa kwenye 53. Spidomita za kiwandani huzidisha kidogo, hivyo huenda ukaponea chupuchupu, lakini askari mwenye tochi pale kwenye kibao cha kijiji hatakuuliza ukubwa wa tairi. Kampuni ya bima itauliza, siku ya ajali, kwa hiyo ni heri iambiwe mapema. Na tairi la akiba, ambalo Hilux hulibeba chini ya karoseli, likiwa la 285 mara nyingi halienei vizuri mahali pake. Watu huliacha la zamani hapohapo, wakasahau kwamba tairi dogo upande mmoja wa ekseli hulazimisha difu kufanya kazi mfululizo, na kwamba kufunga four-wheel kwenye lami ni kuiua.

Kwa hiyo nikiulizwa, husema: sentimita 4 au 5, kwa springi zilizochaguliwa kwa uzito ambao gari hubeba kweli, kama zile za Old Man Emu zinazouzwa kwa madaraja ya mzigo, pamoja na shokapu za urefu wake, fimbo ya breki, na alaimenti. Tairi la 265/70R17 badala ya 285. Difu itapanda milimita 13 tu, lakini halikwaruzi popote, na la akiba linaingia chini ya karoseli.

Halafu kuna makuli. Karoseli iliyopanda sentimita 7 na nusu ina maana kila mfuko wa saruji wa kilo 50 lazima ubebwe juu zaidi kwa kiasi hicho, na mifuko 20 ni tani. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi watalipima gari lako kwa macho, watazungumza wao kwa wao, kisha watakutajia bei ambayo Hilux iliyoegeshwa jirani haikutajiwa.